Nyangumi, Ndege wa Bahari, na Daftari Lako

Maneno haya mmekwisha kuyasikia katika redio. Sasa yamechapwa ili mpate kuyasoma polepole, kila mtu kwa mwendo wake. Mwenye kusoma upesi amngojee mwenzake.

Somo la leo lahitaji vitu vitatu tu: macho yako, daftari na kalamu. Ukiwa na darubini, vizuri zaidi. Ukiwa huna, usisikitike. Wazee wetu wa pwani waliijua bahari bila darubini.

Tutajifunza namna ya kukaa juu ya rasi na kuwatazama nyangumi na ndege wa baharini. Rasi ni nchi kavu iliyochomoza na kuingia baharini, kama pua inavyochomoza usoni. Huenda mmoja wenu akauliza, “Bwana Mwalimu, mimi ni mtu mzima, nina shamba na watoto. Kutazama nyangumi kutanifaa nini?” Swali hilo ni zuri. Naomba ulishike mpaka mwisho wa somo, kisha ujijibu mwenyewe.

TWENDE RASINI

Tuchukue mfano wa Ras Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja. Watu wa Nungwi ni mafundi mashuhuri wa kuunda majahazi, na watu wengi wanapajua mahali hapo. Ukisimama hapo, mashariki yako ni bahari kuu, kaskazini ni njia ya kwendea Pemba, na magharibi ni mkondo ulio kati ya kisiwa na bara.

Kwanza tafuta mahali palipoinuka. Kwa nini? Kwa sababu dunia ni mviringo, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyoona mbali. Macho yako yakiwa meta 2 juu ya maji, upeo wako ni kilometa 5 hivi. Yakiwa meta 10 juu, waona kilometa 11. Yakiwa meta 20, waona kilometa 16. Ndiyo maana baharia hupanda juu ya mlingoti anapoitafuta nchi kavu.

Pili, chagua majira. Nyangumi wapitao pwani yetu huja wakati wa kusi, tangu mwezi wa Julai hadi Oktoba, na walio wengi huonekana mwezi wa Agosti na Septemba. Lakini kusi ina taabu yake. Upepo ukivuma sana, bahari hujaa povu jeupe, na kila povu hufanana na nyangumi. Kwa hiyo nenda mapema asubuhi kabla upepo haujapata nguvu. Ukitazama mashariki saa hizo, jua litakupiga machoni. Basi anza na upande wa kaskazini, ukingoje jua lipande.

Tatu, keti. Mtu asimamaye huchoka upesi, na akichoka huondoka. Vaa kofia, chukua maji ya kunywa. Tazama bahari kama unavyosoma ukurasa: anza upande mmoja, nenda polepole mpaka upande wa pili, kisha rudi tena. Usirushe macho huku na huku. Hapo unafanya kazi ile ile uliyojifunza darasani, ila mstari wako ni upeo wa macho.

NYANGUMI NI NANI?

Nyangumi si samaki. Samaki hupumua ndani ya maji. Nyangumi hupumua hewa kama wewe na mimi. Damu yake ni ya moto. Mama huzaa mtoto, wala hatagi mayai, na humnyonyesha maziwa mazito yenye mafuta mengi. Basi katika ukoo wa wanyama, nyangumi ni karibu na ng’ombe kuliko papa.

Nyangumi tumwonaye zaidi kutoka rasi zetu ni nyangumi mwenye nundu. Ameitwa hivyo kwa sababu, anapotaka kuzama, hupinda mgongo na nundu yake huonekana. Aliyekomaa ana urefu wa meta 13 hadi 15, kupita basi kubwa la abiria. Uzito wake ni tani 30 hivi, sawa na tembo dume watano wakubwa. Mapezi yake ya ubavuni ni marefu ajabu. Kila moja lafikia karibu theluthi moja ya urefu wa mwili wake.

Jamaa huyu hatoki karibu. Wakati wa joto la kusini, yaani Desemba hadi Machi, huishi katika maji ya baridi karibu na nchi ya barafu ya Antaktiki. Huko hula uduvi wengi, akiwachuja kinywani kama mtu achujavyo tui. Hunenepa na kujiwekea mafuta. Baridi ikizidi husafiri kuja kwenye maji yetu ya joto, safari ya zaidi ya kilometa 6,000 kwenda tu, kurudi mbali. Huja kutafuta mwenzi na kuzaa. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa meta 4 hivi. Katika miezi hiyo mama karibu hali kitu. Huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, na kwa mafuta hayo hayo hutengeneza maziwa ya mtoto. Kwa hiyo ukimwona mama na mtoto wake karibu na mwamba wa Nungwi, fahamu kwamba unamwona mfungaji anayenyonyesha.

JINSI YA KUMTAMBUA

Usitafute mwili wake. Tafuta pumzi yake. Nyangumi akija juu hutoa pumzi kwa nguvu kwa matundu ya pua yaliyo juu ya kichwa, na mvuke mweupe hupanda meta 3 hivi. Watu husema, “Anarusha maji.” Sivyo. Ni pumzi ya moto yenye unyevu. Aliyepata kuamka asubuhi ya baridi Njombe au Lushoto amekwisha kuiona pumzi yake mwenyewe ikitoka kama moshi. Ya nyangumi ni hiyo hiyo, ila kifua chake ni kikubwa.

Ukiiona pumzi moja, usigeuze macho. Aghalabu hupumua mara kadhaa, kila baada ya muda mfupi. Halafu hupinda mgongo, na huenda akainua mkia wote juu ya maji. Mkia ukiinuka, basi anazama kwenda chini sana. Tazama saa yako. Huenda akakaa chini dakika 5, huenda 15. Watu wengi huondoka katika dakika ya 4 na kusema hakuna nyangumi. Subira yavuta heri.

Mkia huo una jambo la ajabu. Upande wake wa chini una mabaka meusi na meupe, na hakuna nyangumi wawili wenye mabaka yaliyo sawasawa. Ni kama alama ya dole gumba uliyokuwa ukiiweka kwenye karatasi kabla hujajua kuandika jina lako. Wataalamu hupiga picha za mikia, wakazilinganisha, wakajua nyangumi fulani alikuwa wapi mwaka gani.

NA NDEGE JE?

Wakati nyangumi yuko chini, tazama juu. Ndege wawili yafaa kuanza nao.

Wa kwanza ni shakwe. Ana mwili mzito na mabawa mapana. Hupenda kukaa mchangani au kuelea majini, na hula karibu kila kitu, hata matumbo ya samaki yanayotupwa na wavuvi.

Wa pili ni buabua. Huyu ni mwembamba, mabawa yake yamechongoka, na aghalabu mkia wake una panda kama manati. Anaporuka huelekeza mdomo chini, akitazama maji. Akiona samaki mdogo hujitupa kama jiwe.

Wako buabua wa namna nyingi. Mmoja wao ni mweusi mgongoni na mweupe tumboni na kwenye paji la uso. Huyu huweza kukaa angani miezi mingi bila kutua, hata usingizi hulala akiruka. Hutua nchi kavu kwa kutaga tu. Moja ya mahali pake ni Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo kisicho na watu, kusini-mashariki ya Unguja. Hapo hutaga juu ya ardhi tupu, bila kivuli. Mtu akimfukuza ndege juu ya yai saa za adhuhuri, jua laweza kuliua yai kwa muda mfupi sana. Huna haja ya kuokota yai ili uliharibu. Kuwatisha wazazi wake kunatosha.

Sasa angalia jambo hili, maana wengi hukosea. Mvuvi akiona buabua wengi wanajitupa mahali pamoja hujua kwamba chini yao kuna jodari. Jodari huwafukuza dagaa mpaka juu, na buabua huwapokea. Huo ni ujuzi wa kweli. Lakini usifikiri kwamba ndege hao wanakuonyesha nyangumi. Nyangumi mwenye nundu akiwa kwetu yuko katika mfungo, hatafuti chakula. Kule kwenye barafu, ambako hula, ndege humfuata. Hapa, ndege wana shughuli yao na nyangumi ana yake. Andika kila mmoja mahali pake.

SASA TUFUNGUE DAFTARI

Hapa ndipo moyo wa somo letu. Tazama ukurasa huu wa mfano:

Tarehe: 14 Agosti. Mahali: Ras Nungwi.
Nilianza saa 1.00 asubuhi. Nilimaliza saa 3.00.
Upepo: kusi, si mkali. Bahari: povu hapa na pale.
Saa 1.40: pumzi moja, mbali, upande wa kaskazini-mashariki.
Saa 1.52: nyangumi wawili, mkubwa na mdogo. Wanakwenda kusini polepole.
Saa 2.15: buabua kama 40 wanajitupa majini. Sikuona nyangumi hapo.
Saa 2.20 mpaka 3.00: sikuona kitu.

Ndugu msomaji, mstari upi katika hiyo ni bora? Wengi watasema ule wa mama na mtoto. Mimi nasema ule wa mwisho una thamani sawa nao. “Sikuona kitu” ni habari. Kama kila mtu ataandika siku za kuona peke yake, atakayesoma daftari letu miaka 10 ijayo atadhani bahari ilikuwa imejaa nyangumi kila siku. Tena angalia maneno “kama 40”. Mwandishi hakuweza kuhesabu sawasawa, akasema hivyo. Hakuandika 43 ili aonekane hodari.

Kwa nini nalikazania jambo hili? Sikilizeni habari hii.

Mwaka 1904 wazungu walianza kuwawinda nyangumi wa Antaktiki kwa meli za moshi na mizinga yenye mikuki. Mafuta yao yaliwasha taa, yakatengeneza sabuni na siagi ya kiwandani. Mwaka 1908 kituo cha kuwinda nyangumi kilianzishwa Durban, katika Afrika ya Kusini, kwenye njia ya nyangumi wanaosafiri kando ya Afrika. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1975. Katika karne ile ya 20, nyangumi wenye nundu zaidi ya 200,000 waliuawa katika nusu ya kusini ya dunia.

Mataifa yaliona hatari. Mwaka 1946 yalifanya mkataba, na kukawa na tume ya kusimamia uwindaji. Kila taifa lilitakiwa kuandika idadi ya nyangumi liliowaua na kuipeleka kwa tume. Mwaka 1963 nyangumi wenye nundu wa kusini walikatazwa kuwindwa kabisa.

Lakini nyangumi waliendelea kupungua, na wataalamu hawakuelewa kwa nini. Miaka mingi baadaye, mwaka 1993, mtaalamu wa Urusi aitwaye Alexey Yablokov alisema kweli mbele ya watu. Meli za Umoja wa Kisovieti zilikuwa zikipeleka hesabu za uongo. Tangu mwaka 1947 hadi 1973 ziliua nyangumi wenye nundu zaidi ya 48,000 katika bahari za kusini. Hesabu iliyopelekwa kwa tume haikufika 3,000.

Fikiri jambo hilo. Tume ilikuwa na karatasi, ilikuwa na makarani, ilikuwa na sheria. Hata hivyo, mbele yake palikuwa na kitabu cha uongo, na wenye nia njema walikisoma wakadanganyika. Wazee husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaweza kuongeza kwamba daftari la uongo ni baya kuliko kukosa daftari.

Na kweli ilijulikanaje? Ilijulikana kwa sababu baadhi ya wataalamu waliokuwa katika meli zile waliziweka hesabu za kweli kwa siri, miaka mingi, wakijua hatari yake. Watu wachache, karatasi chache.

Habari njema ni kwamba nyangumi hawakwisha. Mwaka 1986 uwindaji wa biashara ulisimamishwa karibu duniani kote. Pwani ya Brazil, ambako walikuwa wamebaki mia chache tu, leo wamepita 20,000. Na hilo tumelijua kwa njia moja tu: watu waliketi, wakatazama, wakahesabu, wakaandika kweli.

KAZI YETU SISI

Siku moja nilizungumza na mzee mmoja mvuvi katika darasa la watu wazima. Aliniambia, “Mwanangu, ujanani mwetu kulikuwa na miaka ya kuwaona na miaka ya kutowaona. Tulisimuliana barazani. Lakini ilikuwa miaka gani, na walikuwa wangapi? Waliojua wamekwisha kufa.” Kisha akatazama daftari lake la mazoezi akasema, “Kumbe tulichokosa ni hiki.”

Sikuwa na la kumjibu, kwani alikuwa amesema kweli. Macho walikuwa nayo, na bahari waliijua kunishinda mimi na diploma yangu. Walichokosa ni kalamu. Wewe sasa unayo.

Wala usidhani kwamba maandishi ya mvuvi hayasomwi. Nchini Kenya, tangu mwaka 2011, habari za nyangumi na pomboo zimekuwa zikikusanywa kutoka kwa manahodha, wavuvi na wazamiaji wa pwani, Watamu na kwingineko. Unguja iko Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na katika wilaya za pwani yuko Afisa wa Uvuvi. Mpelekee nakala ya kurasa zako, daftari lenyewe libaki kwako.

Zaidi ya hayo, daftari linasaidia kazi. Jarife likitegwa kwenye njia ya nyangumi, nyangumi huumia na mvuvi hupoteza nyavu zake zote. Mkijua kwa maandishi kwamba mwezi fulani mama na watoto hupita karibu na mwamba fulani, mtajua mahali pa kutotega. Na ukiwa ndani ya chombo ukawaona, usiwafukuze wala kupita kati ya mama na mtoto. Kaa mbali, meta 100 au zaidi, punguza mwendo, waache wapite. Mama yule hajala tangu aondoke kwenye barafu. Kila mbio unazomkimbiza zinatoka katika maziwa ya mtoto wake.

Mnaokaa mbali na pwani msikate tamaa. Ziwani na mtoni pia wako ndege wa kuhesabiwa. Kanuni ni zile zile: mahali, tarehe, saa, idadi, na ukweli.

Sasa rudi kwenye lile swali la mwanzo, kutazama nyangumi kutakufaa nini. Andika jibu lako mwenyewe, mistari mitano, umwonyeshe mwalimu wako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mtu aliye mahali pa juu huona mbali zaidi?
2. Ule mvuke mweupe unaotoka kichwani mwa nyangumi ni kitu gani?
3. Buabua wengi wakijitupa majini mahali pamoja, wanaonyesha nini? Hawaonyeshi nini?
4. Kwa nini tunaandika “sikuona kitu”?
5. Daftari la uongo liliwadhuru nyangumi kwa njia gani?
6. Muulize mzee mmoja wa kwenu jambo moja alijualo juu ya bahari, ziwa au mto. Liandike kama alivyolisema, pamoja na tarehe uliyoambiwa. Umsomee, akusahihishe.